Sura ya Tano: Makomeo ya Ndani

Sokwe hulala juu ya mti, kwenye kiota anachokisuka upya kila jioni, na akiamka, jambo la kwanza analofanya ni lile tunalolifanya sote. Hilo ndilo linalosubiriwa chini ya mti na wafuatiliaji wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya Ziwa Tanganyika. Mkojo hufyonzwa kwa mrija kutoka kwenye majani ulikodondokea. Kinyesi huchotwa kipande kidogo kwa kijiti, kikatumbukizwa kwenye kichupa chenye kimiminika cha kukizuia kisiharibike. Juu ya kichupa huandikwa jina la mnyama, maana kila sokwe wa pale ana jina, ana mama anayejulikana, na mara nyingi hata bibi yake anajulikana. Kazi hii ya kuwafuata ilianza mwaka 1960, Jane Goodall aliposhuka kwenye mashua, na haijakatika hadi leo.

Ni vichupa hivyo vilivyotoa habari nzito. Mwaka 2002 timu ya mtafiti Beatrice Hahn ilitangaza kwamba sokwe wa Gombe wana kirusi ambacho ni ndugu wa karibu wa virusi vya ukimwi. Mwaka 2009 ikaja habari nyingine iliyoumiza zaidi. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba sokwe hukibeba kirusi chao bila kudhurika. Rekodi za Gombe zilionyesha vingine: ukilinganisha sokwe wa umri mmoja, hatari ya kufa kwa mwenye kirusi ilikuwa kati ya mara 10 na 16 ya asiye nacho, na majike wenye kirusi walizaa kwa nadra zaidi, na watoto wao waliishi kwa nadra zaidi.

Kirusi cha Gombe sicho kilichotuletea janga. Mzazi wa VVU-1, aina iliyoenea duniani kote, alitoka kwa sokwe wa misitu ya kusini-mashariki ya Kamerun, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini hebu fikiri kidogo. Barani Afrika, zaidi ya aina 40 za kima, nyani na sokwe zimeonekana na virusi vya ukoo huu, nyingi zikiwa na kirusi chao wenyewe. Watu wa msituni wamewinda wanyama hawa kwa karne nyingi, wamewachuna, wamejikata vidole wakiwakatakata. Damu imekutana na damu mara zisizohesabika. Hata hivyo, VVU-1 imetia mizizi kwa binadamu mara nne tu, kadiri ijulikanavyo, mara mbili kutoka kwa sokwe na mara mbili kupitia kwa gorila. Kwa nini mara nne tu, na si mara elfu nne?

Shuleni, wengi wetu tulifundishwa habari za ukimwi kwa mfano wa askari. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, tukaambiwa. Kirusi kinawaua askari, mwili unabaki bila ulinzi. Mfano huo umefanya kazi kubwa na siudharau. Umewasaidia mamilioni ya watu kuelewa kwa nini mgonjwa wa ukimwi anauawa na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo. Lakini kuna jambo unaloliacha. Katika picha ile, seli yenyewe ni kama nyumba iliyoachwa wazi, inasubiri askari wa doria wapite. Ukweli ni kwamba nyumba ina makomeo yake. Kabla askari yeyote hajaitwa, kabla kingamwili ya kwanza haijatengenezwa, ndani ya seli moja, gizani, kuna protini zilizokwisha kuwekwa tayari kwa kazi ya kumkwamisha mgeni kama huyu. Wanasayansi huziita protini za kizuizi. Na njia waliyopitia kuzigundua ni moja ya visa vitamu vya biolojia ya zama zetu, kwa sababu hawakuanza kwa kuyatafuta makomeo. Walianza kwa kushangazwa na funguo.

Kirusi ni msafiri asiyebeba cha ziada. Maagizo yote ya VVU yameandikwa kwa herufi zipatazo 9,700 tu, na kuna jeni tisa. Jeni tatu hutengeneza mwili wake na zana zake, mbili huendesha uandishi wa nakala zake. Zinabaki nne, zenye majina mafupi yasiyo na ladha: Vif, Vpr, Vpu na Nef. Miaka ya 1980 watafiti walipozinyofoa moja moja waliona ajabu. Katika baadhi ya seli za maabara kirusi kilichonyofolewa Vif kiliendelea kuzaana kana kwamba hakikupungukiwa na kitu. Ndiyo maana jeni hizi ziliitwa za ziada. Lakini kiumbe anayebana matumizi kiasi hicho hawezi kuhifadhi mzigo usio na kazi. Na kweli, katika seli nyingine, hasa zile zilizotolewa moja kwa moja katika damu ya mtu, kirusi kisicho na Vif kilikufa bila uzao.

Basi kuna seli zinazohitaji Vif na seli zisizoihitaji. Tofauti yake ni nini? Jibu lingeweza kuwa moja kati ya mawili. Ama zile zinazokikubali kirusi bila Vif zina msaidizi fulani anayekaimu kazi ya Vif, ama zile zinazokikataa zina adui fulani ambaye kazi ya Vif ni kumwondoa. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalifanya jaribio ambalo mtu angeweza kulieleza jikoni. Yalichukua seli ya kundi la kwanza na seli ya kundi la pili, yakaziunganisha ziwe seli moja kubwa. Kama siri ni msaidizi, seli ya mchanganyiko ingepata msaidizi huyo na kukikubali kirusi. Kama siri ni adui, adui angebaki kazini. Seli ya mchanganyiko ilikikataa kirusi. Kwa hiyo adui yupo.

Kumpata huyo adui kulichukua miaka mingine. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Ann Sheehy na mkuu wa maabara yake, Michael Malim, walichukua jamii mbili za seli zilizotoka kwa babu mmoja, moja ikikikataa kirusi na nyingine ikikikubali, wakalinganisha jeni zinazofanya kazi katika kila moja na kufuta zinazofanana, mpaka zikabaki chache za kushuku. Mwaka 2002 walimtaja mhusika. Leo protini hiyo inajulikana kwa jina refu la APOBEC3G. Mimi nitaiita A3G.

Namna A3G inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Haiharibu kirusi katika seli kilimo. Inajipakia ndani ya kirusi kipya kinachoundwa, kama abiria aliyejificha kwenye shehena, inasafiri nacho hadi seli inayofuata, na huko ndiko inakofanya hujuma. VVU huandikwa kwa RNA, na ili kijifiche ndani ya seli lazima kijinakili kwanza kuwa DNA. Wakati nakala hiyo ikiandikwa, A3G hupita juu ya uzi mpya ikibadilisha aina moja ya herufi kuwa nyingine, tena na tena. Chukua kitabu cha mapishi, na kila penye herufi a weka i. Palipoandikwa "kata nyanya" sasa pamesomeka "kiti nyinyi". Karatasi ni ileile, wino ni uleule, maneno mengine hata yanaonekana kama maneno, lakini hakuna atakayepika kitu. Nakala ya kirusi iliyopitiwa na A3G inaweza kuwa na mamia ya makosa ya aina hiyo, nyingine zinasagwa zikiwa bado hazijakamilika.

Na Vif? Vif huishika A3G kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hushika mitambo ya seli inayobandika alama kwenye protini zilizochakaa. A3G iliyo nzima kabisa hupigwa alama ya taka, ikapelekwa kwenye kinu cha seli na kusagwa. Kirusi hakikuja na jalala lake. Kinatumia jalala la mwenyeji kumtupa mlinzi wa mwenyeji. Nimesoma maelezo ya kitendo hiki mara nyingi, na kila mara nasimama hapo.

Lakini ufunguo una meno, na meno hayaingii kila kufuli. Vif ya VVU-1 inaishika A3G ya binadamu. A3G ya tumbili inaikosa. Vif ya kirusi cha tumbili nayo inaikosa A3G ya binadamu. A3G ni mnyororo wa asidi amino 384, na tofauti inayoamua jambo hili ni ya asidi amino moja tu, iliyo katika nafasi ya 128. Tumbili tunaishi naye. Anaingia shambani, anaiba ndizi dirishani, anang'ata watoto wanaomchokoza, na wengi wao wana kirusi chao. Hakuna janga la binadamu lililotoka kwao. Sitasema kwamba asidi amino moja ndiyo pekee iliyotukinga, maana makomeo ni mengi. Lakini hilo ni mojawapo, na lipo mwilini mwako unaposoma sentensi hii.

Komeo jingine liko karibu zaidi na mlango. VVU kinapoingia ndani ya seli, maagizo yake yamefungwa katika gamba lenye umbo la pia, lililojengwa kwa nakala zaidi ya elfu moja za protini moja, zilizopangwa kwa vyumba vya pembe sita. Mtu yeyote aliyewahi kurina asali angelitambua umbo hilo: ni sega. Watafiti walikuwa wamejua kwa muda kwamba seli za makaki, kima wa Asia, hukikwamisha VVU-1 dakika chache baada ya kuingia, lakini hawakujua kwa nini. Mwaka 2004, mjini Boston, Matthew Stremlau na wenzake katika maabara ya Joseph Sodroski walikipata kinachokikwamisha: protini iitwayo TRIM5-alfa. Nayo hujipanga kwa pembe sita. Hulitandika gamba la kirusi kwa wavu wa umbo lilelile, sega juu ya sega, na gamba likivunjika kabla ya wakati wake, kazi ya kunakili maagizo inaharibika.

Sisi pia tunayo TRIM5-alfa. Ya kwetu hukamata kirusi fulani cha panya vizuri kabisa, ila gamba la VVU-1 huligusa bila kulishika sawasawa. Watafiti walipobadilisha asidi amino moja katika protini ya binadamu, ile ya nafasi ya 332, wakaweka iliyomo katika protini ya makaki, protini yetu ilianza kukikwamisha VVU-1. Moja, tena. Kila ninapofika hapa huwakumbuka watu niliowaona wakizikwa miaka ya 1990, na hujikuta nikihesabu: katika mnyororo wa asidi amino mia nne na tisini na kitu, moja.

Komeo la tatu nitalipita haraka. Linaitwa SAMHD1, liligunduliwa mwaka 2011, na mbinu yake ni ya njaa. Linaharibu malighafi ambazo DNA hujengwa kwazo, hivyo kirusi kinapotaka kujinakili kinakuta ghala tupu. Kazi hiyo huifanya zaidi katika seli zisizogawanyika, ambazo zenyewe hazihitaji DNA nyingi. VVU-2, aina iliyotokana na kima wa Afrika Magharibi, ina protini ya kuliondoa komeo hili. VVU-1 haina.

Niliposema makomeo yamewekwa tayari nilisema kweli, lakini si kweli yote. Seli huyakaza zaidi inapopata tetesi. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikuwa wakichezea vipande vya utando wa yai la kuku na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Waligundua kwamba utando uliogusana na virusi hivyo vilivyouawa hutoa kitu kwenye maji, na maji hayo yakimwagiwa utando mwingine ambao haujaona kirusi, utando huo hauambukiziki kwa urahisi. Waliita kitu hicho intaferoni. Ni yowe la jirani usiku: seli iliyovamiwa inapiga kelele, na seli za pembeni, kabla hazijaguswa, zinawasha mamia ya jeni. Nyingi za protini nilizozitaja huongezeka kwa yowe hilo. Homa na maumivu ya mwili mzima unayoyapata siku ya kwanza ya mafua yanatokana kwa sehemu na yowe hilohilo, si na kirusi peke yake.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi mwili usikaze makomeo yote siku zote. Gharama yake ni kubwa. Ndugu wa A3G, wale wa ukoo mmoja wa protini zinazobadilisha herufi, wakati mwingine hukosea wakaandika juu ya DNA yetu wenyewe, na alama zao za vidole zimeonekana katika uvimbe wa saratani nyingi, ikiwemo ya titi na ya mlango wa kizazi. Watoto wanaozaliwa na SAMHD1 iliyoharibika hupata ugonjwa mkali wa ubongo, kana kwamba mwili umepiga yowe la uvamizi ambao haupo.

Nimeliacha mwisho komeo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ndilo linaloturudisha Kamerun.

Mfugaji mwenye mbuzi mmoja au wawili hawajengei zizi. Humfunga mbuzi kwa kamba kwenye kigingi, akala majani yanayofikika, lakini haondoki. Seli nayo hufanya hivyo. Kirusi kipya kinapomaliza kuundwa hujitokeza kwenye utando wa seli kama chipukizi, kikajikata na kwenda zake. Kwenye utando huo kuna protini yenye umbo la kamba, ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa ndani ya utando. Kirusi kinapojivika utando huo wakati wa kutoka, kinaondoka na ncha moja ya kamba. Ncha ya pili imebaki kwenye seli. Kimefungwa. Chini ya hadubini ya elektroni utaviona virusi vimerundikana juu ya seli, vimeiva, vimekamilika, haviendi popote. Stuart Neil na Paul Bieniasz, jijini New York, waliitangaza protini hiyo mwaka 2008 na kuipa jina la tetherini, kutokana na neno la Kiingereza la kumfunga mnyama malishoni.

Sokwe ana tetherini, na kirusi cha sokwe kina njia ya kuiondoa: hutumia Nef, ambayo hushika sehemu fulani ya mkia wa tetherini uliomo ndani ya seli. Binadamu ana tetherini pia. Ila zamani sana, katika safari ya ukoo wetu baada ya kuachana na sokwe, mkia huo ulipoteza asidi amino tano. Hasa zile zinazoshikwa na Nef. Kirusi kilichovuka kutoka kwenye damu ya sokwe hadi kidole cha mwindaji kilifika na ufunguo ambao kufuli lake lilikwisha kukatwa.

Sasa turudi kwenye zile mara nne. Vikundi vinne vya VVU-1 huitwa M, N, O na P. Kikundi P kimewahi kuonekana kwa watu wawili tu. Hakiwezi kuiondoa tetherini yetu. Kikundi N, kinachojulikana kwa watu wachache sana, karibu wote wa Kamerun, kilipata uwezo kidogo, tena kwa kupoteza uwezo mwingine. Kikundi O kilijifunza kuitumia Nef kushika sehemu nyingine ya mkia, jirani na ile iliyokatika, na kimeenea Kamerun na nchi za jirani. Kikundi M kiliigeuza protini nyingine kabisa, Vpu, ambayo kwa sokwe ilikuwa na kazi tofauti, ikawa kisu cha kukata kamba. Ni kikundi M kilichofika Kinshasa karibu na mwaka 1920, kikapanda treni na mashua za enzi ya Wabelgiji, kikakuta mji uliojaa wanaume walioletwa kufanya kazi mbali na wake zao, na sindano zilizotumiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa vya kutosha. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Bila Vpu ile huenda kisingefika. Bila treni ile pia huenda kisingefika, na nisingependa msomaji alichukue somo la tetherini kama njia ya kuisamehe historia.

Gamba lile la sega, ambalo TRIM5-alfa yetu hushindwa kulishika, limepata mshikaji mwingine. Ni dawa iitwayo lenacapavir. Hujipenyeza katikati ya protini za gamba na kuzikaza, hata gamba lisiweze kufunguka wala kujengwa inavyotakiwa. Katika jaribio lililotoa matokeo yake mwaka 2024, wanawake vijana na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walidungwa dawa hiyo mara moja kila miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa huwekwa chini ya ngozi ya tumbo na kuyeyuka taratibu, na kwa miezi kadhaa, kwa baadhi yao, hubaki kinundu kidogo ambacho hakionekani, lakini ukipitisha kidole unakigusa.